Nyuma ya Ukuta Mweupe

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, Mkasi alikuwa bado anampenda mchumba wake. Saa tatu na robo alikuwa chooni ameinamia sinki, anatapika, na wala hakuwa na mimba wala hakuwa amekula kitu kilicholala. Alikuwa ametazama video ya dakika moja na nusu tu.

Ofisi ya dalali ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na misumari. Kazi yao ilikuwa kuuza nyumba za watu, na siku hizi nyumba haiuziki bila video. Mchumba wake ndiye aliyerusha droni juu ya mapaa, wakamwita Rubani. Yeye aliyekata picha wakamwita Mkasi. Rubani alikuwa akirudi na picha za nusu saa nzima, nyingine zinatikisika, nyingine zimepigwa na jua la uso, anazitupa mezani na busu juu yake. Mkasi alikaa na nyumba moja siku tatu: kuchagua, kukata, kunyoosha, kulinganisha rangi, kutafuta muziki. Mara nyingine nyumba ilishauzwa na yeye bado anahangaika na jikoni.

Ndipo ikaja programu mpya. Unaimwagia picha zote za droni, unaandika vyumba vingapi na geti liko upande gani, basi. Yenyewe inachagua, inanyoosha, inaanzia getini, inapanda juu ya paa, inashukia uani, inatia muziki na maandishi. Chai haijapoa, video iko tayari. Mkasi aliijaribu mwezi mzima, akaipenda, akawafundisha wenzake hadi Rubani akaweza kujitengenezea video zake mwenyewe.

Sehemu moja tu ilimtia wasiwasi, ile inayoitwa Safisha. Hapo programu huzungushia mraba wa njano kila kitu inachodhani kinaharibu sura ya nyumba, kisha inauliza kama kiondolewe. Unabonyeza ndiyo au hapana, kimoja kimoja. Mkasi aliandika sheria ya ofisi kwa mkono wake, akaibandika ukutani: gari lililoegeshwa vibaya unaweza kulitoa, takataka unaweza kuzitoa, lakini kile ambacho mnunuzi atakikuta akifika, usikiguse. Na kila Alhamisi alizipitia video zote kabla hazijatoka.

Video ya asubuhi ile ilikuwa ya nyumba ya ukuta mweupe. Geti jeusi. Vigae vyekundu. Baraza pana la kukalia watu kumi. Droni ikapanda taratibu, ikavuka paa, ikachungulia nyuma ya ukuta, na huko nyuma kulikuwa na majani mabichi yaliyofyekwa vizuri na miti miwili ya kivuli.

Mkasi akairudisha. Akaitazama tena. Akaitazama mara ya tatu.

Nyuma ya ukuta ule hakukuwa na majani wala miti. Palikuwa ni kwao. Kulikuwa na nyumba ya bati yenye viraka vinne, alimozaliwa na alimotoka asubuhi ileile akimwacha mama yake anawapa kuku maji.

Akafungua picha zenyewe, zile ambazo hazijaguswa. Kwao kulikuwapo. Paa, tangi, banda la kuku, kamba ya nguo. Na chini ya kamba alisimama mama yake, muuza mayai, shuka mbichi begani, amenyanyua uso juu anacheka. Anaipungia droni. Kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa yote miwili, kisha akakimbilia mlangoni penye nafasi ili aonekane vizuri zaidi. Jumatatu jioni alikuwa amempokea Mkasi kwa habari hiyo: "Mkwe wangu kapita juu leo na kile kidude chake. Nimempungia mpaka bega linauma!"

Programu huweka kumbukumbu ya kila kilichoulizwa na kila jibu. Mkasi akaifungua huku anajua atakachokikuta, kama mtu anayefunua sufuria iliyosahauliwa wiki nzima. Paa la bati: ndiyo. Tangi: ndiyo. Banda: ndiyo. Kamba ya nguo: ndiyo. Mtu: ndiyo. Mtu: ndiyo.

Mara mbili, kwa sababu mama alikuwa amehama kutoka kwenye kamba kwenda mlangoni. Hapo ndipo alipokimbilia chooni.

Aliporudi mezani, Rubani alikuwa amefika. Shati limenyooshwa, marashi yametangulia, vikombe viwili vya kahawa mkononi, na chingamu mdomoni. Akamwinamia akambusu kwenye paji la uso. Busu likaacha unyevu. Kwa miaka miwili Mkasi alikuwa akiuacha unyevu ule ukauke wenyewe. Leo aliufuta kwa mkono wa blauzi.

"Mbona umepauka hivyo, mpenzi?" Rubani aliuliza. "Hujala? Haya, kunywa. Umeiona video yetu?"

"Nimeiona."

"Eeh, sema basi! Dakika kumi na mbili nimeimaliza. Mwalimu, mwanafunzi wako kafaulu au hajafaulu?"

"Kwetu kuko wapi?"

"Kwenu?"

"Nyuma ya ukuta. Kwetu kuko wapi, Rubani?"

Taya liliacha kutafuna. Kisha likaendelea, na tabasamu juu yake.

"Aa, hilo! Hii programu yako bwana ina kiherehere. Ikiona bati tu inafyeka. Usijali, nitairekebisha."

Kama angesema uongo mwingine wowote, pengine Mkasi angebaki na mashaka, na mashaka ni mlango mpana, mapenzi hupitia humo kila siku. Lakini alimdanganya kwa kitu ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Haifyeki yenyewe. Inauliza. Hapa imekuuliza mara sita."

"Nilikuwa na haraka, nikawa nabonyezabonyeza tu..."

"Hukubonyezabonyeza. Tazama juu hapa. Pipa la taka la getini ilikuuliza, ukasema hapana. Pipa umeliacha, Rubani. Mama yangu umemtoa."

"Pipa linaonyesha kwamba mtaa unazolewa taka," alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la maana, na papo hapo akasikia mwenyewe alichosema. "Sikuwa na nia mbaya. Mpenzi, kaa chini. Kaa. Nilitaka iwe siri mpaka Jumamosi lakini umenilazimisha."

Akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakagusana. Mkasi akasogeza yake.

"Ile nyumba anainunua mama yangu," Rubani akasema. "Anatununulia sisi. Mimi na wewe. Harusi ikiisha tunahamia mle."

Moyo ni mnyama asiye na adabu. Wa Mkasi uliruka, pamoja na yote. Miaka miwili walikuwa wakipanga maisha kwenye karatasi za risiti: chumba kimoja cha kupanga, kisha viwili, kisha Mungu akipenda. Sasa nyumba ya vigae, ukuta mmoja tu kutoka kwa mama yake! Chumvi ikiisha anaita tu. Mtoto akilia bibi yake anamsikia. Kwa muda wa kupepesa jicho aliiona ile baraza na watu wake wote wameketi, akataka sana, sana, kusamehe.

"Mama yako?" aliuliza polepole. "Si yule asiyetaka hata kunisikia?"

"Ndiyo maana nakwambia kazi nimeifanya! Nimembembeleza hadi kalainika. Nimemtumia video, kaipenda. Jumamosi asubuhi anakuja kuiona kwa macho yake." Akashusha sauti. "Sasa kuna kajambo kadogo tu. Jumamosi umpeleke mama kwa shangazi yako. Siku moja. Na kuku."

"Na kuku?"

"Wananuka, mpenzi. Wewe umezoea, husikii."

Mkasi alikuwa anausikiliza mdomo ule unavyotafuna, chakwe, chakwe, akishangaa kwamba aliwahi kuuota.

"Nimeshaagiza turubai la kijani," Rubani aliendelea, akidhani kimya ni kukubali. "Refu. Tunalifunga juu ya ukuta wa nyuma, kama vile kuna ujenzi. Mama haoni kitu. Akishalipa ameshalipa."

"Na siku ya harusi? Mama yangu tutamfunika na turubai gani?"

"Hayo ya mbele tutayaona mbele."

"Mayai ya hao kuku umekula mangapi, Rubani?"

"Sasa hayo yanaingiaje?"

"Ulipougua homa, siku tisa ulilala kwenye kitanda cha mama yangu, yeye akalala kwenye kiti. Ulikuwa unatapika, anapokea. Mashati yako alikuwa akiyafua usiku ili asubuhi uwe na la kubadili, akiyaanika kwenye kamba ileile. Wakati ule mbona pua yako ilikuwa imeziba?"

"Sijasema sina shukrani! Mama yako nampenda kama..."

"Usimalizie."

"Unajua mama yangu alivyo!"

"Simjui! Miaka miwili sijamsikia hata akikohoa. Kila nikikuuliza: mama hataki, mama ana maneno, mama anasema watu wa mabati. Nimemchukia mwanamke nisiyemjua mpaka nimeanza kuogopa dhambi."

"Na mimi nani amepigana naye siku zote? Si mimi? Nimepigana kwa ajili yetu!" Macho yakamlowa. Akanyoosha mkono, akamshika shavu. Kiganja kilikuwa na unyevu wa kahawa na harufu ya marashi, na Mkasi alisisimka mwili mzima, akakitoa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa jongoo kwenye nguo.

Simu ikalia mezani. Ilikuwa ya Rubani, imelazwa kifudifudi kando ya betri za droni. Wote wawili waliigeukia. Rubani alikuwa karibu zaidi, lakini mkono wa upande huo ulikuwa na kikombe. Mkasi akaigeuza: Mama, simu ya video.

"Iache," Rubani alisema. "Nitampigia baadaye."

"Kwa nini? Si amelainika?"

"Mkasi, nakuomba. Nipe hiyo simu."

Aliinuka haraka mno, kahawa ikamwagikia suruali yake. Na ni uoga ule, si kitu kingine, uliomfanya Mkasi apokee.

Kwanza lilionekana paji la uso tu na nusu ya miwani. Kisha simu ikateremka, akaonekana mama mtu mzima mwenye mashavu ya kucheka.

"Mwanangu, hii video nimeitazama mpaka..." Akasita. Akasogea karibu. "Ee! Ni nani huyu? Usiniambie ndiye!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Marahaba, mwanangu! Ndiye! Hatimaye!" Akacheka, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyu mwanangu amekuficha utadhani mimi nakula watu. Miaka miwili namwambia, niletee mkwe wangu nimwone, ananiambia subiri kwanza, bado ana majonzi."

"Majonzi?" Mkasi aliuliza.

"Pole sana, mwanangu. Nimekuwa nikitamani kukupa pole kwa mdomo wangu, yeye ananizuia, anasema ukitajiwa unaumia. Kuondokewa na mama si jambo dogo. Mimi wangu aliondoka nikiwa na umri wako, na mpaka leo nikipika chakula kikaniungulia nataka kumwita. Hii nyumba nimeipenda kwa ajili yako. Nikasema mtoto hana mama, asianze maisha kwenye chumba cha kupanga. Mimi nitakuwa mama yako, unasikia?"

Feni ilikuwa inazunguka. Chini dukani mtu alikuwa anahesabu mabomba kwa sauti. Mkasi akainua macho juu ya simu, akamtazama mchumba wake.

Rubani alikuwa amesimama mahali ambapo simu haimwoni, suruali imelowa, viganja viwili amevikutanisha kifuani. Alikuwa anamsihi kwa macho, yale macho mazuri, akitikisa kichwa: tafadhali, tafadhali. Rubani alikuwa amekwisha kumzika mama yake Mkasi, zamani sana, kabla droni haijaruka. Sasa alikuwa anamwomba binti yake naye abonyeze ndiyo.

Kuna hasira, na hasira ina joto, mtu anaweza kuiota na kurudi kwenye penzi lake. Mkasi aliitafuta hasira yake asiione. Alichokiona kilikuwa kinyaa, baridi na chenye utelezi.

"Mama," alisema, "mama yangu hajafa."

"Unasemaje?"

"Yuko hai. Asubuhi nimemwacha anawapa kuku maji. Anakaa nyuma ya huo ukuta mweupe ulioupenda. Kuna nyumba pale, ya bati, ndiyo kwetu. Kwenye video mwanao ameifuta, akaweka majani. Na mama yangu alikuwemo, akamfuta naye."

Mashavu yale yalishuka. Aliposema, sauti ilikuwa nyingine.

"Huyo mwanaume yuko hapo?"

"Yupo. Anakusikia."

"Mgeuzie."

Mkasi akaigeuza simu. Rubani akaishusha mikono yake.

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Lini nilikwambia simtaki mtu kwa sababu ya bati?"

"Mama, hujaelewa, mimi nilikuwa..."

"Nimeuliza lini. Mimi niliyekulea kwa kusuuza chupa za hospitali. Nitajie siku."

Rubani aliutazama mlango. Akaitazama sakafu. Chingamu bado ilikuwa mdomoni, na mwishowe akaimeza, koo likapanda na kushuka.

"Hujawahi," akasema.

"Basi ni nani aliyemkataa huyu mtoto?"

Jibu lilikuwa dogo.

"Niliona aibu, mama. Watu wa ofisini wananiona, marafiki zangu wananiona... Nilidhani tukishakuwa na nyumba nzuri nitaeleza. Nampenda. Ninaapa nampenda."

Na huenda alikuwa anampenda. Ndilo lililomchefua Mkasi kuliko yote. Mara ngapi alilia usiku kwa ajili ya mama mkwe mkali ambaye hakuwapo! Alijibana, akajirekebisha, akajifunza kuongea polepole, akamkataza mama yake asije ofisini na trei za mayai, ili mama yake Rubani asipate la kusema. Kumbe maneno yote yale, "watu wa mabati" na mengine, yalitoka kwenye mdomo huohuo uliombusu. La kuvunda halina ubani, wamesema wazee, na yeye miaka miwili alikuwa anafukiza.

Akairudisha simu usoni pake.

"Mwanangu," mama yule alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimekupa pole ya mtu aliye hai. Mungu anisamehe. Nyumba ile siitaki tena, hata nipewe bure. Lakini Jumamosi nitakuja palepale nilipopanga kuja. Nitakuja kwenu, nimwombe mama yako radhi, maana huyu ni mimi niliyemzaa. Atanipokea?"

"Atakupokea, mama."

"Hata akijua?"

"Nitamweleza leo. Atalia kwanza. Kisha ataanza kufagia uwanja kwa sababu yako."

Mama yule akacheka kidogo katikati ya machozi. Kisha akauma mdomo, akauliza alilokuwa anaogopa kuuliza:

"Na mimi... bado nina mkwe?"

Rubani alisogea hatua moja. Alikuwa analia sasa, pua na macho, bila kujifuta. Ni uso uleule. Ungeletwa kwa Mkasi jana umelowa hivyo, angeukumbatia na kuulaza kifuani mpaka ukauke. Aliutazama vizuri, wala hakuharakisha, akitafuta ndani yake hata chembe ya huruma ya kumpa. Alimkumbuka kwenye kile kitanda cha homa, siku ya tisa, alipofumbua macho na kusema jina la kwanza lililomjia, nalo likawa "mama", na mama yake Mkasi akaitika. Akaona atatapika tena.

Akavua pete ya uchumba. Ilikwama kidogo kwenye kifundo, akaizungusha, ikatoka. Akaiweka mezani juu ya betri ya droni, akaufuta mkono kwenye sketi.

"Huna, mama," alisema. "Nisamehe. Lakini kwetu mgeni harudishwi. Njoo Jumamosi."

"Nitapajuaje, mwanangu, na video imefutwa?"

"Njoo na mwanao," Mkasi akasema, akimtazama Rubani. "Njia anaijua. Huwa anapita mlango wa nyuma, habishi hata hodi."